Jina Kwenye Kichupa

Ukitaka kumfurahisha Sylus Mwakio, usimsifu uso wala viatu. Msifu mkono. Katika hospitali ndogo ya binafsi pale Voi, ambayo jina lake tuliache lipumzike, yeye ndiye aliyekuwa akitoa watu damu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wagonjwa walimuuliza ataanza saa ngapi naye ameshamaliza. Wazee waliteremka kutoka Kasigau wakikohoa vumbi la barabara, wakapita vituo viwili vya afya vyenye sindano zilezile, na wakifika dirishani walisema wanamtaka yule wa mkono mwepesi. Wakiambiwa yuko likizo, wengine waligeuza wakarudi na damu yao.

Alikuwa na njia yake. Alifunga mpira juu ya kiwiko, akapangusa kwa pamba ya spiriti, kisha akauliza, "Kwenu ni wapi?" Sasa Mtaita ukimuuliza kwao ni wapi hatakujibu kwa neno moja. Atakutajia kijiji, halafu ukoo, halafu babu aliyehama kutoka mlima huu kwenda ule na ugomvi uliomhamisha, na kabla babu hajafika anakokwenda Sylus ameshafunga kichupa na kubandika plasta. Kwa kazi hiyo alikuwa amejua nasaba za nusu ya kaunti, zote zikiwa zimekatika katikati.

Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi aliwapokea kwa hotuba moja, isiyobadilika. Aliwaambia kwamba kichupa huandikwa jina pale pale, mbele ya mgonjwa, na mgonjwa alitaje mwenyewe kwa kinywa chake, majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Hata kama aliyekaa kitini ni mama yako mzazi, muulize anaitwa nani. "Kosa la sindano ni doa," aliwaambia, "wiki moja limepona. Kosa la jina linaua."

Ilikuwa hotuba nzuri na kila neno lake lilikuwa kweli. Ubaya ni kwamba mwenye kuitoa alikuwa akidanganya jina moja kila Januari kwa miaka kumi na mmoja, nalo lilikuwa jina lake.

Maana Sylus aliogopa sindano. Si kuiogopa kama wewe na mimi tunavyoiogopa, tukakunja uso ikapita. Yeye aliiogopa kwa miguu. Alipokuwa darasa la pili huko Ronge walikuja watu wa chanjo na sanduku lao la barafu, na kabla hawajalifungua Sylus alishavuka shamba la mahindi la shule, la jirani, na la jirani wa jirani. Mwalimu mkuu alimpata jioni amejilaza kwenye mtaro kati ya migomba, akamchapa viboko vinne, naye akavipokea bila kulia. Viboko havikuwa na ncha.

Ukiuliza mtu wa namna hiyo alifikaje maabara, jibu ni darubini. Kidato cha tatu aliinama juu ya darubini ya shule, akaona ganda la kitunguu limegeuka nyumba yenye vyumba mia, na akaamua hapo hapo kwamba atafanya kazi ya kuinama hivyo maisha yake yote. Hakuna aliyemwambia kwamba damu haijipeleki yenyewe kwenye darubini. Alikuja kuambiwa chuoni, baada ya kulipiwa karo, na akaambiwa pia kwamba wanafunzi hujifunza kwa kutobolana, wawili wawili. Mwenzake alikuwa Donald, kijana wa Taveta mwenye mishipa minene na chuki kubwa ya kufua nguo. Wakaelewana haraka. Sylus angefua nguo za Donald muhula mzima, Donald angetobolewa zamu zote mbili, na katika kitabu cha mazoezi wangeandika kwamba walipokezana. Kwa hiyo Sylus alimaliza chuo akiwa amefanya mazoezi mara mbili ya mtu yeyote darasani. Ule mkono uliosifiwa mpaka Kasigau ulitengenezwa na uoga.

Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema afanye nini ikiwa hospitali inamtaka ajigange kila Januari. Hospitali hii ilikuwa na bima ya wafanyakazi, na bima ilitaka kila mmoja apimwe damu mwanzo wa mwaka. Mwaka wa kwanza Sylus alipatwa na mafua siku ile. Mwaka wa pili alipatwa na msiba wa shangazi, ambaye alikuwa amekufa kweli, ila zamani. Mwaka wa tatu mashangazi walikuwa wamekwisha, na ndipo jicho lake likamwangukia Kombo.

Kombo alikuwa mlinzi wa lango la hospitali, mtu wa familia ya Kiislamu iliyopanda na reli kutoka pwani enzi za babu yake na ikasahau kushuka. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyevuta wala kunywa, na kila siku alikuja kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Sylus alimwangalia mkono kabla ya kumwangalia uso, kama alivyozoea kuwaangalia watu wote, akaona mshipa ulionyooka wazi kabisa chini ya ngozi. Akamwambia kwamba hospitali ingependa kuangalia afya ya walinzi pia, lakini kimyakimya, wengine wasije wakanung'unika. Kombo akaona ni heshima. Alifika alfajiri kabla ya kutia kitu mdomoni, akatolewa damu, akapewa chai na mahamri mawili, akarudi langoni. Sylus akaandika kwenye kichupa: Sylus Mwakio. Jioni wakati wa kutoka alimpitia Kombo akamwambia damu yake ni safi, naye Kombo akamshukuru Mungu na akamshukuru Sylus.

Kwa miaka kumi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomfanya Sylus alale usingizi. Aliona hakumwibia mtu kitu. Kombo alipimwa bure na kuambiwa ukweli, hospitali ikapata karatasi, bima ikaridhika. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawakuiona ya kwake. Daktari Evelyn, mama mwenye hospitali na asiyecheka kazini, alifikia kumtaja kwenye mikutano: hakutaja siri za faili, alisema tu kwamba kama wote wangejitunza kama Sylus, bima ingefunga biashara. Sylus aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mkononi ana chapati ya tatu. Hata kadi yake ya kazi ilikuwa na kundi la damu la Kombo. La kwake hakulijua.

Januari ya mwaka huu Kombo alikaa kitini kama kawaida, akanyoosha mkono bila kuombwa. Sylus akaona mkanda wake wa sare una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Kombo alisema uzee unakuja, suruali zinamkimbia. Akasema pia kwamba siku hizi anaamka mara tatu usiku kwenda haja, na kiu haimwachi. Mtu mwingine yeyote angesema hivyo kwenye kile kiti, Sylus angeinua kichwa. Lakini hiki kilikuwa kiti cha Januari, na Januari Sylus alikuwa na haraka. Alimjibu kwamba Voi kwa joto hili, nani asiyelala na chupa ya maji. Halafu, kwa mazoea, akaongeza kwamba damu yake ni safi, nayo bado ilikuwa ya moto ndani ya kichupa.

Mashine siku hiyo iliendeshwa na Shanice, msichana aliyekuwa maabara kwa mafunzo ya vitendo, mwepesi wa akili na mzito wa mkono. Ilimtolea sukari kumi na tisa. Ya mtu mzima ambaye hajala haifiki hata saba. Shanice aliangalia jina, akashika kifua, akarudia kipimo, ikatoka ileile. Naye alikuwa amefundishwa vizuri. Mwalimu wake mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba jibu la namna hiyo halisubiri mtu, lipeleke kwa daktari kwa miguu yako. Akalipeleka. Sylus alipotoka kunawa mikono, Daktari Evelyn alikuwa anamsubiri mlangoni na uso wa upole ambao hakuwahi kumwona nao.

Hivyo ndivyo Sylus alivyougua ugonjwa wa mtu mwingine. Alipewa pakiti ya vidonge na karatasi ya vyakula. Daktari Evelyn, kwa kumjali, akampigia simu mke wake, Susan, na Susan hakuwa mwanamke wa kufanya jambo nusu. Jioni ile bakuli la sukari lilifungiwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni, chapati zikafutwa katika nyumba ile, na mezani kukaja sukuma wiki, maharagwe na maji. Jumamosi wakaja watu wa kanisa kumwombea. Walimweka katikati wakamshika kichwa na mabega, wakaomba kwa Kidawida, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili kwamba Mungu aitakase damu ya mtumishi wake, na mtumishi akasema amina huku jasho likimtoka. Vidonge alivibeba mfukoni. Hakuthubutu kuvimeza kwa sababu hakujua kama anaumwa, na hakuna njia ya kujua isipokuwa ile moja.

Lakini kilichomtesa hakikuwa chapati. Kilikuwa langoni. Kila asubuhi alipofika, Kombo aliinuka kwenye kiti chake kumpa pole. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia maradhi ni mtihani na kila mtu ana wake, akamwahidi dua. Akimaliza kumfariji alinyanyua chupa ya maji ya lita moja na nusu akainywa mpaka nusu bila kupumzika. Sylus alisimama akahesabu mikupuo. Alijua sukari ya kumi na tisa inavyofanya mwilini, alikuwa ameona majibu yake miaka yote: macho, figo, miguu, halafu siku moja mtu anaanguka. Alijua, na alisema asante Kombo, akaingia ndani.

Alijaribu ujanja kwanza. Siku ya nne alimwambia waje wapime tena, mara moja tu. Kombo alicheka akasema zamu yake ni Januari hadi Januari, asije akawanyima wengine. Siku ya sita akamletea vile vidonge, amevitoa kwenye pakiti yake na kuvitia bahasha, akasema ni vya kuongeza nguvu. Kombo aliviangalia kwenye kiganja, akavisogeza mbali ili avione vizuri, akauliza ni vya maradhi gani. Sylus akasema si vya maradhi. Kombo akavirudisha ndani ya bahasha kimoja kimoja, akamrudishia kwa adabu, akasema mwili mzima hautiwi dawa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano, na mwezi wa Ramadhani ulitarajiwa kuandama kesho yake. Kombo alikuwa na furaha. Mkewe Khairat alishaloweka tambi na kununua tende, na yeye alikuwa ameomba kubadilishiwa zamu ili awahi futari. Sylus akafikiria saa kumi na tatu za jua la Voi, mtu amekaa langoni bila tone la maji, na damu ile. Akajitia kupita tu, akamwambia kwamba kwa mtu wa umri wake, labda mwaka huu apumzike kufunga.

Kombo hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Daktari," alisema, "mgonjwa ndiye asamehewaye saumu. Nami ushaniambia ni mzima. Nitamjibu nini Mola wangu?"

Jibu lilikuwa ni Sylus mwenyewe. Aliona, pale langoni, kwamba mtu huyu angekwenda kaburini akiwa na uhakika kwamba ni mzima, na uhakika huo ameupata kwake. Akageuka akaenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Evelyn, haraka, kabla miguu yake haijakumbuka kazi yake ya zamani.

Maelezo hayakuchukua muda. Daktari Evelyn aliisikiliza habari ya Donald na nguo, ya mafua, ya shangazi, akaipokea bila kukunja hata kope. Kisha akafungua faili, akaipitisha mbele ya Sylus ukurasa kwa ukurasa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Kombo."

"Na hii?"

"Zote, daktari."

Alifunga faili. Alisema kwamba barua ya Sylus ataiandika, na haitakuwa fupi, lakini barua inaweza kungoja na sukari haingoji. Aende amwambie Kombo yeye mwenyewe, sasa hivi, na asimwambie nusu.

Sylus akamwambia yote. Kombo alisikiliza akiwa amesimama. Katikati ya maneno gari lilipiga honi, akaenda akafungua lango, akaandika nambari, akafunga, akarudi mahali pale pale aliposimama na kusubiri iliyobaki. Hakuuliza habari za miaka kumi. Aliuliza ya mwaka huu.

"Siku ile uliponambia safi, ulikuwa hujajua."

"Sikuwa nimejua, Kombo. Haki ya Mungu."

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Baadaye kidogo."

Kombo akahesabu kwa vidole, taratibu, kutoka Jumanne ya wiki iliyopita, akarudia mkono wa pili.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa mimi nakupa pole."

Sylus alilia pale langoni, mtu wa miaka arobaini na saba aliyevaa koti jeupe, na mama mmoja aliyekuwa akiingia na mtoto akafikiri amefiwa. Kombo hakumnyamazisha. Alimwita mlinzi mwenzake ashike lango, akasema yuko tayari kupimwa, ila kwa sharti moja. Atakaa kwenye kile kiti baada ya Sylus kukikalia.

Kwa hiyo Sylus alikaa. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mgonjwa aliyekaa pale huona doa la maji kwenye dari, na kwamba kiti kina waya unaochoma pajani. Shanice alifunga mpira. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumtoboa mwalimu. Akapangusa kwa spiriti, akauliza kama alivyofundishwa.

"Kwenu ni wapi, mwalimu?"

Sylus alijua swali lile linakokwenda. Yeye ndiye aliyelitunga. Hata hivyo alilishika kama mtu anayeshika ukingo wa daraja, akaanza kusema Ronge, akasema ukoo wa baba yake, akasema babu aliyehama, na babu alipofika bondeni sindano ikaingia na kukosa mshipa. Shanice akaomba radhi. Sylus akafumba macho, akamsafirisha babu upya kutoka mwanzo, na mara ya pili damu ikatoka. Hakukimbia. Iandikwe hivyo, maana yapo machache ya kumsifu katika habari hii: hakukimbia, ingawa viatu vyake vilisuguana chini ya kiti mpaka mwisho, na Kombo alisimama kando akiviangalia bila kucheka.

Kisha wakabadilishana nafasi. Shanice akataka kuendelea, lakini Kombo akamzuia kwa kiganja, akasema atatolewa na Sylus. Wote wawili wakashangaa.

"Mkono wake sina ugomvi nao," alisema. "Ni kalamu."

Sylus akamtoa damu. Alifanya vile alivyokuwa akifanya siku zote, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akachukua kalamu mbele ya mtu huyu ili aandike jina la mtu huyu. Aliandika Kombo. Kalamu ikasimama. Hakulijua lililofuata. Alikuwa amekijua kila kipande cha mshipa wake, alijua unapinda wapi na unajificha wapi kukiwa na baridi, na hakuwa amewahi kuuliza jina la pili, kwa kuwa hakuwahi kulihitaji.

"Leo waniandika nani?" Kombo aliuliza.

"Jina lako kamili, tafadhali."

"Kombo Shee Athmani."

Sylus akaliandika herufi kwa herufi, akanyoosha kichupa amwonyeshe. Kombo akakisogeza mbali, akakivuta karibu, akakunja macho. Sukari ilikuwa imeshaanza kumtia ukungu. Sylus akaona, akataka kusaidia, akafungua kinywa asome.

"La," Kombo alisema. "Wewe usisome. Asome binti huyu."

Shanice akachukua kichupa akasoma majina kwa sauti, yote matatu, na Kombo akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Majibu yalitoka pamoja. Ya Kombo ilikuwa ishirini na moja, imepanda mbili katika zile siku tisa. Ya Sylus ilikuwa safi kama maji ya chemchemi ya Mzima. Sukari, figo, mafuta, kila kitu mahali pake, pamoja na chapati. Daktari Evelyn aliisoma karatasi ile mara mbili, akasema kwamba kwa miaka kumi alikuwa na faili ya uongo iliyosema kweli. Sylus aliyekuwa akiificha damu yake miaka yote akakuta haikuwa na siri yoyote, na si kweli kwamba alifurahi. Angekuwa mgonjwa kidogo ingemsaidia.

Kombo hakufunga mwezi ule, mara ya kwanza tangu utoto wake. Khairat alipika futari na kupeleka sahani moja kwa mzee maskini wa mtaani kila jioni, kama fidia ya siku zile, na Kombo alikula chakula chake cha mchana nyuma ya kibanda cha walinzi, amegeukia ukuta, ili wapita njia wasimwone. Sylus alimwona kupitia dirisha la maabara. Siku zote thelathini alimwona, kwa sababu hakuweza kujizuia kuangalia.

Barua ya Daktari Evelyn ilitoka kabla ya Idi, na kama alivyoahidi, haikuwa fupi. Mwisho wake ulisema kwamba Sylus hatashika sindano mpaka itakapoamuliwa vingine, na kwa kuwa mapokezi pana upungufu wa mtu, atakaa dirishani kuandika majina ya wagonjwa. Daktari Evelyn si mtu wa mzaha, kwa hiyo hatuwezi kusema alikusudia. Amemnyang'anya kile alichokifanya kwa uaminifu maisha yake yote, akamwachia kile alichokifanyia uongo. Wazee wa Kasigau bado huja wakiulizia mkono mwepesi. Yeye huwaandika, akawaelekeza ndani kwa Shanice, ambaye siku hizi ameajiriwa, na husikia kupitia ukutani akiwauliza kwao ni wapi.

Kila mwezi Kombo naye huja kliniki ya sukari. Hutoka langoni na sare yake, amenenepa kidogo, mkanda umerudi tundu la zamani. Akifika dirishani husalimia vizuri, huuliza hali ya Susan, na yaliyopita hayataji. Sylus humuuliza jina kamili kama anavyomuuliza kila mtu, naye hulitaja lote polepole mpaka kalamu itue. Macho yake yamepona siku nyingi. Kutoka kwenye kiti chake langoni husoma nambari ya gari likiwa bado liko barabara kuu. Lakini Sylus akimgeuzia kitabu aone alivyoandikwa, hakiangalii. Huweka kiwiko pale dirishani, husema hana haraka, na hungoja Shanice atoke maabara aje amsomee.